UZI: Majani makavu ya simbilisi hapa Unguja na Pemba, tuyakaushe wenyewe na tuyalinde na ukungu

Mkaazi wa Mwera (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Kila nikiingia kwenye makundi ya wafugaji wa hapa Zanzibar nakutana na swali lilelile: hei, yaani majani makavu, ya simbilisi (guinea pig) inauzwa duka gani Mjini? Majibu nayo ni yaleyale. Haipo, au iliwahi kuwepo ikaisha, au agiza Dar. Muulizaji anakata tamaa, anarudi kumlisha mnyama mkate, wali wa jana na maganda ya karoti. Simbilisi wa namna hiyo haishi sana, na mtoto wa skuli aliyenunuliwa anabaki analia bila kuelezwa sababu.

Mimi nasema majani makavu mazuri tunaweza kuwa nayo hapahapa. Nyasi tunazo mwaka mzima. Kinachotushinda ni unyevu, na ndio maana karibu uzi wote huu nitauzungumzia unyevu.

Kwanza kwa nini majani makavu. Simbilisi ana meno 20 na yote yanaota mpaka siku anayokufa, ya mbele na magego pia. Kinachoyapunguza magego ni ule utafunaji wa kusaga huku na huku, na utafunaji huo anaufanya akila nyasi ndefu zenye nyuzinyuzi. Ukimpa vyakula laini, magego ya chini yanainama kwa ndani hadi yanaubana ulimi. Hapo utamuona anakisogelea chakula, anakinusa, anakiacha, huku mate yanamchuruzika kidevuni. Watu hudhani amechoka chakula hicho, kumbe hawezi kumeza.

Pili ni tumbo. Utumbo wake una mfuko mkubwa ambamo vijidudu vinachachusha nyuzinyuzi, na utumbo huo haupumziki. Akikaa nusu siku hajala, tumbo linaanza kusimama na gesi inajaa. Kwa hiyo majani yawepo bandani usiku na mchana, si kwa kipimo cha asubuhi na jioni kama mbuzi. Chakula chake cha siku, sehemu kubwa mno iwe nyasi, mbichi au kavu. Mboga ni kijisehemu tu, na pumba au chakula cha vidonge cha kiwandani ni kidogo zaidi.

Sasa nyasi zenyewe. Mimi naupendelea ukoka. Ni mwembamba, laini, una majani mengi kuliko bua, na unakauka upesi. Mabingobingo yanafaa mabichi, lakini kuyakausha ni shida kwa sababu bua lake nene linaficha maji ndani wakati majani ya nje yameshakauka. Ukilazimika, chambua majani tu, bua waachie ng'ombe. Nyasi zilizokwisha kutoa mbegu zenye ncha kali ziacheni, zile ncha zinachoma fizi na kuingia machoni. Kishona nguo nacho kitoeni chote.

Kata kabla nyasi hazijachanua, au ndio kwanza zinachanua. Zikishazeeka zinakuwa mabua matupu. Na angalia unakatia wapi. Pembeni mwa barabara ya magari sitaki, palipopigwa dawa ya kuua magugu sitaki, na bustani za mahoteli usiguse mpaka umuulize mtunza bustani wanapiga nini. Panapolala mbwa au panapozagaa panya pia paache. Simbilisi anaambukizwa kwa urahisi sana maradhi ya tumbo yanayobebwa na panya, na yakiingia bandani huwamaliza wote.

Kukausha. Wapemba somo hili wanalo tayari kwa karafuu: ukichelewa kuanika, ukirundika zikiwa mbichi, zinapata joto na unavuna mpeta, karafuu zilizoharibika. Nyasi ni hivyohivyo. Zikikatwa zisilale kwenye rundo wala kwenye gunia. Zianike siku hiyohiyo juu ya jamvi au turubai, tabaka jembamba, uzigeuze mara kadhaa mchana. Subiri umande wa asubuhi ukauke ndipo ukate. Jioni anua kabla umande haujashuka, hata kama mbingu nyeupe. Mtu anaacha majani nje usiku mmoja tu, anapoteza kazi ya mchana mzima.

Kipupwe, Juni mpaka Septemba, ndio msimu wetu mzuri kwa sababu upepo wa kusi unakausha, ila mvua za mchoo zina tabia ya kuvizia, kwa hiyo lisiwepo jamvi nje bila mtu wa kulianua. Januari na Februari jua ni kali, na hapo majani yanaweza kuungua yakawa meupe kama karatasi. Yapige jua la kwanza mpaka yanyauke, kisha yamalizie kivulini penye upepo. Yabaki na ukijani wake na harufu yake tamu. Masika usijaribu, utatengeneza ukungu.

Nitajuaje yamekauka? Chukua konzi, lisokote kwa mikono miwili. Likipinda kama kamba bila kuvunjika, bado. Likivunjika baadhi ya mabua kwa mlio, bila kugeuka unga, tayari. Kisha tafuta vifundo vya bua, vikwaruze kwa ukucha. Ukiona majimaji, rudisha juani. Kuna na njia ya chumvi: kaanga chumvi kikaangoni ikauke kabisa (chumvi yetu ya huku huwa na maji, usiruke hatua hii), iache ipoe, tia kijiko kimoja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na majani uliyoyakatakata, funga, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikigandia kwenye kioo, majani yana maji bado.

Halafu hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Yakishakauka usiyashindilie kwenye gunia siku hiyo. Yaache yamelegea sehemu yenye hewa kama wiki, na kila siku utie mkono katikati. Ukihisi uvuguvugu, yafumue yote. Joto lile ndio mwanzo wa ukungu.

Nawasikiliza.

---

Bint Kikwajuni

Wa alaykum salaam. Shukrani kwa uzi. Mie nakaa ghorofani Mji Mkongwe, sina uwanja wala baraza. Nanunua majani ya ng'ombe kwa wale vijana wa baskeli, naanika darini. Yanakauka vizuri kabisa lakini yakikaa chumbani wiki mbili yanaanza kunuka kama nguo iliyokosa jua. Nifanyeje?

---

Mkaazi wa Mwera

Dada, kuta zako ni za mawe na chokaa, na kuta hizo zinavuta na kutoa maji kutwa. Majani yasiguse ukuta wala sakafu. Tia kwenye foronya ya pamba au gunia la katani, usijaze mpaka juu, lining'inize kwenye msumari wa boriti mbali na ukuta. Mfuko wa nailoni na ndoo yenye kifuniko si mahali pake kwa hali yetu ya hewa, labda uwe na uhakika mia kwa mia kwamba yamekauka, na hata hivyo yataanza kutoa jasho joto likibadilika.

Kwa nyumba kama yako nashauri utengeneze machache machache. Ya wiki mbili yanatosha, yakikaribia kuisha unaanika mengine. Na hayo yanayonuka, tafadhali, usiyaanike tena juani ukampa. Jua linaondoa harufu na linakausha ukungu unaouona, lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kutengenezwa haiondoki. Vumbi la ukungu nalo linaingia kwenye mapafu yake, na simbilisi akishika kifua anakwenda haraka. Tupa.

Kuhusu vijana wa baskeli, muulize anakatia wapi. Mara nyingi ndani ya mzigo mmoja kuna nyasi, magugu na majani ya miti vyote pamoja, na ng'ombe anavimudu vitu ambavyo simbilisi wa kilo moja havimudu. Tandaza mzigo, chambua kwa mkono kabla hujaanika.

---

Mkulima wa Konde

Mleta uzi nakupinga kidogo, unisamehe. Huku Pemba majani mabichi yapo kila pembe, masika na kiangazi. Kwa nini nihangaike na jamvi? Wangu wanakula ukoka mbichi na wana afya. Hei ni mambo ya nchi za baridi ambako nyasi zinakufa kwa theluji.

---

Mkaazi wa Mwera

Ndugu yangu wa Konde, kwa sehemu uko sawa na sitabisha. Ukoka mbichi, safi, aliouzoea, unamfaa sana, una nyuzinyuzi zilezile na maji juu yake. Huko walikotoka asili, milima ya Andes upande wa Peru na Bolivia, walikula nyasi mbichi.

Lakini nina mambo mawili. Masika, mvua inapopiga kutwa kucha, utakata majani yanayochuruzika maji, utayabeba kwenye gunia, yatafika nyumbani yameshapata joto. Majani yaliyoanza kuchacha ndani ya gunia ndiyo yanayomvimbisha tumbo. Siku hizo akiba kavu inamuokoa. Na wengi wetu wa Mjini hatuna kila pembe kama yako. Mtu anarudi kazini usiku, hana pa kukata. Akiwa na foronya moja ya majani makavu, mnyama hakai njaa.

Wewe endelea na mabichi, lakini weka na kavu pembeni, azizoee zote mbili. Siku utakapobadilisha ghafla kutoka moja hadi nyingine ndipo utakapoona kuhara.

---

Mkulima wa Konde

Hapo kwenye gunia umenigusa. Yakifika nyumbani huwa ya moto kweli. Nitaanza kubeba kwenye pakacha.

---

Mdau wa Cheju

Sisi tuna majani ya mpunga kila baada ya mavuno, makavu, bure. Hayafai?

---

Mkaazi wa Mwera

Kwa kulalia yanafaa, ikiwa hayana vumbi wala ukungu. Kwa chakula cha kutegemea, hapana. Lishe yake ni ndogo mno, protini kidogo sana, na ni magumu. Atatafuna, atajaza tumbo, na huku anakonda. Changanya kidogo na ukoka asikose kitu cha kuchezea, basi. Na angalia, majani ya mpunga mara nyingi hulala bondeni kwenye majimaji kabla hayajaokotwa. Yapasue katikati ya fungu unuse. Juu yanaweza kuwa manjano mazuri na ndani meusi.

---

Mtu wa Mifugo

Salaam. Mimi ni mtu wa mifugo kwa taaluma, naomba niongeze machache kwenye uzi huu mzuri.

Uzio wa mnyaa: utomvu wake unaunguza mdomo na macho. Usikate nyasi chini ya uzio huo, tawi dogo likiingia kwenye fungu huwezi kulitambua likishakauka. Lukina nayo (mti wa malisho, leucaena), ambayo wengi wanaisifu kwa mbuzi, ina sumu ambayo ng'ombe na mbuzi wanaweza kuizoea kwa msaada wa vijidudu vya tumboni. Simbilisi msimpe. Kisamvu kibichi kina sianidi. Mbarika na lantana ndiyo kabisa.

La pili si la majani lakini limeua simbilisi wengi. Akiumwa, watu wanakimbilia duka la dawa wananunua amoksilini ya watoto. Dawa za jamii ya penisilini zikinyweshwa simbilisi zinaua vijidudu vizuri vya tumbo lake, vibaya vinashika nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara. Mwambieni daktari wa mifugo waziwazi kwamba huyu ni simbilisi, si sungura na si paka, kabla hajaandika dawa.

La tatu, vitamini C. Mwili wake hauwezi kuitengeneza, kama sisi binadamu. Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa kilo kila siku, mjamzito azidishiwe. Majani makavu hata yakiwa mazuri namna gani hayana vitamini C ya maana. Kipande cha pilipili boga kila siku, au pera, vinamtosheleza. Pera lisizidi kwa sababu ya sukari.

---

Mkaazi wa Mwera

Allah akulipe kheri, mkubwa. Hilo la uzio wa mnyaa naomba kila mtu alisome mara mbili, maana kwenye vijia vya mashamba ndiko nyasi nzuri zinakoota.

---

Mama Nassra

Asalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote na moyo unanienda mbio. Mwanangu ana simbilisi jike, tangu juzi halili vizuri. Anachukua mkate uliorowekwa tu, mchicha anaunusa anauacha. Kidevu kimelowa. Vinyesi vyake vimekuwa vidogo na vichache. Nyasi hatujawahi kumpa, aliyetuuzia alisema anakula kila kitu cha jikoni. Nikianza kumpa ukoka mkavu leo atapona?

---

Mkaazi wa Mwera

Mama Nassra, wa alaykum salaam. Usingoje ukoka. Kidevu kulowa, kuchagua laini, na vinyesi kupungua, zote tatu pamoja zinaelekea kwenye magego. Magego yakishapita kimo hayarudi kwa majani, yanahitaji kukatwa na daktari wa mifugo, mnyama akiwa amepewa dawa ya usingizi. Usikubali mtu yeyote ayakate kwa koleo la kucha nyumbani, jino linapasuka mpaka kwenye mzizi.

Mpeleke leo. Ukiwa njiani au ukisubiri, asikae na tumbo tupu. Saga chakula cha vidonge cha sungura au nyasi mbichi laini na maji ya uvuguvugu, mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ubavuni mwa mdomo, kidogo kidogo, umuache ameze. Usimlaze chali. Na hakikisha daktari anajua habari ya amoksilini aliyoandika mkubwa hapo juu.

---

Mtu wa Mifugo

Naunga mkono. Mama, kama uko Unguja niandikie faragha nikuelekeze pa kwenda. Tumbo lake likiwa limevimba na gumu ukiligusa, usimlishe kwa nguvu, mlete tu.

---

Mama Nassra

Nimekuandikia. Tunatoka sasa hivi.

---

Kijana wa Mkoani

Allah amfanyie wepesi. Na mie nina swali. Kuna jamaa analeta marobota ya hei kutoka bara kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Nikinunua robota moja tukagawana watu watano si itakuwa nafuu? Na ile ya lusina (alfalfa) je, maana kuna wakati analeta.

---

Mkaazi wa Mwera

Kugawana ni fikra nzuri sana, ila mfungue robota pamoja kabla ya kulipa. Robota linafungwa kwa kukazwa, likaja na lori, likakaa bandarini, likavuka maji. Nje linakauka na jua, katikati halipati hewa. Ingiza mkono mpaka kiini. Pakiwa na joto, pakitoka vumbi jeupe au jeusi ukilifumua, pakinuka uvundo, rudisha. Muulize pia kama limepita ukaguzi wa karantini. Usione aibu kumsumbua muuzaji kwa jambo hili.

Lusina ni tamu na ina protini, lakini ina kalsiamu nyingi sana kupita nyasi. Simbilisi mzima akila hiyo kila siku, kalsiamu inaganda kwenye kibofu ikawa mawe, na akikojoa analia. Iwe ya watoto wanaokua na ya jike mwenye mimba au anayenyonyesha, tena ichanganywe na nyasi. Mimba yao ni ndefu, siku 59 hadi 72, kwa hiyo unao muda wa kumlisha vizuri. Ukiikosa lusina, majani makavu ya kunde yanashika nafasi hiyo. Majani ya karanga pia, ila hayo yakaguliwe kwa jicho la pili kwa sababu karanga na ukungu havikai mbali, na simbilisi ni katika wanyama wanaoathirika upesi na sumukuvu.

---

Bint Kikwajuni

Nimening'iniza foronya kama ulivyosema. Je, kiasi gani kwa siku kwa wawili? Wangu wanayakanyaga na kuyakojolea, nusu inapotea.

---

Mkaazi wa Mwera

Usipime kwa gramu. Kila mmoja awe na fungu lenye ukubwa wa mwili wake, asubuhi, na jioni uongeze yaliyopungua. Wakiyakojolea toa, usiseme watayala yakikauka. Ili yasipotee, suka kijitundu cha waya au cha miyaa, kipachike ubavuni mwa banda kwenye kimo cha kidomo chao, wayavute kidogo kidogo. Matundu ya waya yawe ama madogo sana ama makubwa sana. Ya kati kichwa kinaingia hakitoki.

Na uwe na mizani ya jikoni. Mpime kila wiki, siku moja, saa moja. Simbilisi anaficha maradhi, ila uzito hawezi kuuficha. Akishuka wiki mbili mfululizo, fungua mdomo wa foronya unuse majani kwanza, kisha mtazame meno.

---

Mama Nassra

Nimerudi. Daktari amesema ni magego kweli, ya chini pande zote mbili. Ameyakata. Sasa hivi kalala ila amekwishatafuna jani moja la ukoka. Nimeambiwa nimlishe kwa bomba siku kadhaa mpaka mdomo upoe, na uzito niupime kila siku kwanza. Mwanangu kesho anataka kwenda kukata ukoka kwa bibi yake Dunga. Huko hakuna mnyaa, nimeuliza.

---

Mkaazi wa Mwera

Alhamdulillah. Akate asubuhi umande ukishakauka, alete kwenye pakacha. Kwa siku hizi mpe mbichi na laini, kavu utaanza kumchanganyia kidogo kidogo atakapokuwa anatafuna bila kusita. Na wengine wenye jamvi, kusi linavuma wiki hii, anikeni.